Nani Alipanga Ratiba? Historia ya National Theatre Yenye Hukusomeshwa

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu cha kuboesha: ratiba. Ile posta inasema Ijumaa kuna hii, Jumamosi kuna ile, tiketi ni kwa mlango. Hakuna mtu husoma posta akafikiria anasoma historia. Lakini kuna jengo moja hapa Nairobi ambalo ukisoma ratiba zake, kuanzia ile ya kwanza hadi ya wiki hii, umesoma Kenya yote.

Jengo ni lile la Harry Thuku Road, Kenya Cultural Centre. Wengi wetu tunalijua kwa jina la ukumbi wake mkubwa, Kenya National Theatre. Asubuhi mabasi ya shule yanaleta wanafunzi kutazama vitabu teule vikiigizwa, na tamthilia ambayo mwalimu ameisoma kwa sauti moja muhula mzima ghafla inapata mwili na mdomo. Jioni, jukwaa lilelile linabeba vichekesho, kesho densi, wiki ijayo mchezo wenye bendi na waimbaji thelathini. Kuna Ukumbi Mdogo kwa vikundi ambavyo bado vinajitafuta. Kuna Cheche Gallery kwa wachoraji. Kuna Conservatoire, shule ya muziki iliyoanzishwa 1944. Na nje, kwa maegesho, utapata waigizaji wakibishana mistari kama makanga wa route mbili tofauti.

Mchanganyiko huu wote unaonekana kama kawaida tu, kama umekuwa hivyo tangu zamani. Zii. Uligombaniwa. Kuna watu waliitwa na CID kwa sababu waliomba tarehe kwa kalenda ya ukumbi huu. Wengine walifungiwa mlango. Na mimi nasema ukishajua hiyo stori, hutawahi tena kuangalia ratiba ya ukumbi wowote vilevile.

Kwanza, barabara yenyewe

Harry Thuku alikuwa kijana aliyepinga kodi na kipande, na mambo ya wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba ya walowezi. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye, maelfu ya watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, hapo karibu na Central ya leo. Mary Muthoni Nyanjiru akawapigia kelele wanaume waliotaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Polisi wakapiga risasi. Masimulizi ya wakati huo yanasema hata walowezi waliokuwa kwa baraza ya hoteli ya Norfolk walijiunga na kupiga. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu waliokuwa pale walisema ni wengi zaidi.

Sasa, miaka thelathini baadaye, Waingereza wakitaka kujenga ukumbi wa "taifa", wanaujenga wapi? Mkabala na Norfolk. Na haikuwa bahati tu. Richard Frost, aliyekuwa mkubwa wa British Council hapa Kenya, alieleza baadaye kwamba mahali hapo palichaguliwa kwa sababu walitaka watu wa hadhi ya Norfolk, wa rangi zote, wakutane kwa starehe za kistaarabu. Yaani Mwafrika angekaribishwa, bora tu awe tayari ni mtu wa kwenda Norfolk. Mtu wa Pumwani hakuwa kwa hiyo hesabu.

Ukumbi ulifunguliwa Novemba 1952, na mgeni wa heshima akawa Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Angalia hiyo tarehe tena. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wiki chache tu. Ndani watu wanapiga makofi, nje wazee wanapakiwa kwa malori. Neno "taifa" liko juu ya mlango, na taifa lenyewe liko kizuizini.

Uhuru ukaja, ratiba ikabaki

Ungefikiria 1963 bendera ikibadilika, posta pia zinabadilika. Kwa muda mrefu hazikubadilika sana. Vikundi vya wazungu waliobaki Nairobi viliendelea kushika tarehe nzuri, na michezo ilikuwa ileile ya London. Kitu cha kushangaza ni kwamba tamthilia ya kwanza kubwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The Black Hermit, ilichezwa Novemba 1962 kwa ukumbi wa kitaifa wa Uganda, kule Kampala. Mkenya anapata jukwaa la taifa la jirani kabla ya lake.

Moto ukawaka 1976. Kenya ilikuwa inajiandaa kwa FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa kutuwakilisha: The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City, ya Francis Imbuga. Walitaka kuzionyesha nyumbani kwanza, na walikuwa na sababu nzuri ya kutaka Oktoba na Novemba: Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikuwa unafanyika hapa Nairobi mwaka huohuo. Dunia nzima iko tao, waonyeshwe kazi ya Wakenya.

Jibu? Ukumbi umejaa. Kuna baleti kutoka Ufaransa. Kuna mchezo wa muziki unaitwa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Mchezo kuhusu Kimathi, aliyenaswa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, ulikuwa unaambiwa usubiri vichekesho vya Roma ya kale.

Baada ya mvutano mwingi, hizo tamthilia mbili zilipewa siku chache tu, zikabanwa katikati ya wageni. Kimathi akaanza tarehe 20 Oktoba, siku yenyewe ya kukumbuka kutangazwa kwa hali ya hatari. Ngũgĩ ameandika kwamba usiku huo watazamaji hawakutaka kutoka. Waliingia kwa nyimbo pamoja na waigizaji, wakacheza hadi nje barabarani. Hiyo barabara ya 1922. Ameandika pia kwamba yeye na Seth Adagala, mwelekezi, waliitwa na CID na kuonywa waache kuingilia mambo ya ukumbi.

Fikiria hiyo kidogo. Miaka kumi na mitatu baada ya uhuru. Polisi wa Kenya. Kwa sababu ya kalenda ya ukumbi.

Mlango uliofungwa

Ngũgĩ alifanya kitu wachache wangefanya: akatoka tao. Kule Limuru, kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wao wa wazi, bila paa, na wakaigiza Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikaondolewa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akabebwa, akawekwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi.

Watu wengi huishia hapo kwa hii stori. Lakini kuna kipande cha 1982 ambacho ndicho kinanichoma zaidi. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilirudi na mchezo mpya, Maitũ Njugĩra, kuhusu maisha ya enzi za kipande, na ndani yake kulikuwa na nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Safari hii walitaka kuingia National Theatre. Ukifikiria, ni mchezo gani ungestahili neno "taifa" kuliko huo?

Februari wakafika, mlango umefungwa. Wakahamia chuo kikuu kufanya mazoezi, na watu wakaanza kujaa kutazama hayo mazoezi, maelfu, hadi nayo yakasimamishwa. Machi serikali ikafuta usajili wa kituo chao Limuru, polisi wakaenda kubomoa ule ukumbi wa wazi. Wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, serikali ikaliangusha siku moja.

Kwa hivyo mtu akiniambia sanaa ni burudani tu, mimi humuuliza: kwani burudani huvunjwa na polisi?

Halafu ratiba ikabadilika polepole

Mwaka wa 2015 ukumbi ulifunguliwa upya baada ya ukarabati, Rais Uhuru Kenyatta akiwa mgeni. Viti vipya, taa mpya, sauti poa. Lakini kwangu tarehe kubwa zaidi ni Mei 2022. Ngaahika Ndeenda, ileile ya 1977, iliingia National Theatre, ikichezwa kwa Kikuyu siku zingine na kwa Kiingereza siku zingine, chini ya Stuart Nash na Nairobi Performing Arts Studio. Miaka 45 kutoka Limuru hadi Harry Thuku Road. Kwa matatu ni chini ya saa moja kama hakuna jam.

Na hapa nataka niwe fair. Sisemi mchezo wa nje usiletwe. Baleti ni tamu, Shakespeare ni mtamu. 2012 waigizaji wa Kenya walienda Globe ya London wakacheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, na hakuna Mwingereza alivunja ukumbi. Ukumbi mkubwa wa sanaa unafaa kuwa na kila kitu, mtoto wa miaka sita akute kitu chake na shosho wake akute chake. Shida ya 1976 haikuwa kwamba Wafaransa walikuja kucheza. Shida ni nani alionekana mgeni kwa nyumba yake.

Sasa sisi tunahusika vipi?

Wengine mtasema hizo ni mambo za kitambo. Aya, Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo unaitwa Echoes of War, kuhusu vijana na uongozi. Uliondolewa kwa mashindano, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe. Wakafika Nakuru kwa tamasha la kitaifa, hilo tamasha la shule ambalo lilianza 1959. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Nje, vitoa machozi. Ndani, ukumbi hauna watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Tarehe walikuwa nayo. Saa walikuwa nayo, tena kwa amri ya korti. Kwa karatasi, ratiba ilikuwa inasema Butere wanacheza. Hao wasichana walielewa kitu ambacho Ngũgĩ na Mĩcere walielewa 1976: kuwekwa kwa ratiba si sawa na kupewa jukwaa.

Na kuna kufuli lingine ambalo halihitaji polisi. Ukumbi hukodishwa. Kikundi kikitaka Ijumaa na Jumamosi jioni, wakati watu wana nafasi na doh, kinashindana na kanisa, kampuni na shoo za wenye wafadhili. Halafu kuna siku za kufunga seti na kujaribu taa, nazo ni gharama. Kikundi cha Kayole chenye mchezo mkali kinaweza kuishia Jumanne saa tisa mchana, kiigize mbele ya jamaa zao na mlinzi, kisha watu waseme ati Wakenya hawapendi maigizo. Hakuna mtu amepiga mchezo wao marufuku. Umekufa tu kimyakimya.

Ndiyo maana mimi siku hizi nikiona posta ya mwezi ya ukumbi wowote, sihesabu tu aina za shoo. Naangalia Jumamosi jioni amepewa nani. Naangalia ni lugha gani ziko kwa jukwaa kubwa na gani zimesukumwa chumba cha nyuma. Naangalia kama kuna kitu chochote hapo ambacho kinaweza kumkosesha waziri usingizi. Kama mwezi mzima umejaa rangi na hakuna hata kimoja, hiyo ni mapambo.

Kituo kama hiki ni mali ya umma. Kina jina la nchi. Naamini kinafaa kutenga baadhi ya Jumamosi zake, kwa bei ambayo kikundi cha mtaa kinaweza kulipa, na itangazwe wazi zinapewa nani na kwa nini. Si msaada. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walishalipa hiyo kodi 1982.

Na sisi nasi tuna kazi yetu, kwa sababu jukwaa bila watazamaji tumeliona Nakuru. Mchezo wa Jumanne saa tisa unahitaji watu wa Jumanne saa tisa. Kama uko likizo, ama uko na lunch ndefu, ama darasa limeisha mapema, ingia. Lipa tiketi. Kaa mbele.