Fomu ya Shilingi 280

Kabla ya kuwa mtaa, Dandora ilikuwa fomu. Mwaka 1975 serikali ya Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia walikubaliana kutengeneza ploti 6,000 mashariki mwa jiji, mbali huko ambako mtu wa tauni wa wakati huo angekuambia ni porini. Ili upate ploti ilibidi ujaze fomu, na swali kubwa kwenye hiyo fomu lilikuwa moja: mwezi ukiisha, unapata pesa ngapi? Ukiwa chini ya shilingi 280, pole, wewe ni maskini sana, hutaweza kulipa. Ukiwa juu ya 650, pole pia, umaskini wako hautoshi. Katikati ya hizo namba mbili ndipo walipochaguliwa wazee wetu.

Mimi ni mtoto wa mpangaji, si wa mwenye ploti, na hiyo tofauti itarudi baadaye. Kwanza tukae kwa hizo namba mbili. Nani aliamua kwamba maskini wa Nairobi ana mshahara? Na kama ana mshahara, mbona bado ni maskini?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Reli ilifika hapa 1899, na jiji lililoota kando yake lilimtaka Mwafrika kama mkono wa kazi tu. Njoo, beba, fagia, lala, rudi kwenu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanaume Mwafrika mtu mzima akalazimishwa kubeba kipande, ndani yake mwajiri ameandika mshahara wako na tarehe uliyoacha kazi, kwa hivyo huwezi hata kudanganya kwamba ulikuwa unalipwa vizuri. Nyumba zilizojengwa na serikali na reli zilikuwa na hesabu hiyo hiyo. Ukipita Shauri Moyo au zile landhies za zamani, angalia ukubwa wa chumba. Hakikupimwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Kilipimwa kwa ajili ya kitanda cha mwanaume mmoja, ama vitanda kadhaa vya wanaume ambao hata hawajuani. Mshahara pia ulikuwa wa kitanda kimoja. Mke na watoto walidhaniwa wako reserve wanalima, kwa hivyo shamba la mama huko nyumbani ndilo lililokuwa likimlipia mwajiri nusu ya gharama ya mfanyakazi wake. Ni ujanja mkubwa, ukifikiria.

Watu hawakunyamaza. Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, Nairobi iligoma siku kadhaa, na moja ya madai yalikuwa mshahara wa chini mtu anaoweza kuishi nao. Serikali ilijibu kwa polisi na ndege. Lakini miaka minne baadaye, mwaka 1954, kamati yake yenyewe iliyoongozwa na F. W. Carpenter ikakubali mambo yalivyo: mshahara wa kapera haufai, mfanyakazi wa mjini alipwe kiasi cha kulisha familia na kukaa nayo mjini. Ni mwaka huo huo, Aprili, ambapo Operesheni Anvil ilifagia maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi hadi kambi za kizuizini. Kwa mkono mmoja serikali inaandika kwamba Mwafrika anastahili familia mjini, kwa mwingine inamtupa ndani ya lori.

Uhuru ukaja, na watu wakaja. Sheria za kuzuia Waafrika kuingia mjini zilikuwa zimelegea, kila mtu na nduguye wakapanda basi. Kazi hazikuwa nyingi hivyo. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakaketi wakapatana: serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, kampuni binafsi asilimia 10, na vyama visidai nyongeza ya mshahara kwa mwaka mzima. Watu wakaombwa wajiandikishe kama hawana kazi. Zaidi ya 200,000 wakajitokeza, na waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Wanauchumi wameandika mengi kuhusu mpango huo, mimi naona foleni tu. Zaidi ya watu 200,000 wanaambiwa na serikali mpya kabisa, serikali yao wenyewe, simameni hapa tuandike majina. Mnajua hiyo foleni. Tumepigia laini kwa hiyo foleni.

Sasa tunafika 1972, na kwangu hapa ndipo patamu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilileta Kenya kundi la wataalamu wakiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly kutoka Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Walikuja kutafuta ukosefu wa kazi. Ripoti yao ikasema, kwa ufupi, kwamba wameuona, lakini shida kubwa zaidi ni nyingine: watu wengi wa Kenya wanafanya kazi, tena kazi ngumu ya kutwa nzima, na bado ni maskini. Wakawaita maskini wanaofanya kazi. Halafu wakawaangalia mafundi wa mabati, washona viatu, wauza mboga, wenye matatu zisizo na leseni, wote wale ambao askari wa baraza walikuwa wakiwafukuza kila siku, wakasema hawa si uchafu wa jiji, hawa ni uchumi. Jina walilotumia, sekta isiyo rasmi, lilikuwa limetolewa na Keith Hart aliyekuwa akisoma maisha ya Accra, Ghana, lakini ni ripoti ya Kenya iliyolipeleka dunia nzima. Leo likitajwa kwenye mkutano wowote wa Geneva ama Delhi, ujue kuna mama wa Nairobi ndani yake.

Yeye mwenyewe hakulihitaji jina. Baadaye mafundi wetu walikuwa na lao, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alipowatembelea Kamukunji akaahidi kuwajengea vibanda, jina likaingia mpaka kwa karatasi za serikali. Lakini ile habari ya kwanza, kwamba mtu anaweza kutoka kazini kila siku na asitoke kwa umaskini, hiyo haikupewa kibanda.

Dandora ilikuja nyuma ya ripoti hiyo kwa miaka mitatu, na iliubeba mawazo ya wakati wake. Zamani baraza lingejenga nyumba nzima na kuipangisha. Nyumba nzima ni ghali, maskini hawezi. Basi mpe maskini kipande cha ardhi, barabara, bomba la maji, choo na bafu, halafu ajenge mwenyewe kadiri anavyopata. Ploti nyingi za Dandora zilikabidhiwa hivyo: ukuta wa choo umesimama peke yake katikati ya udongo mweusi, na mkopo mdogo wa vifaa. Chache zilikuja na jiko na chumba. Waombaji walikuwa wengi kuliko ploti, ikabidi kura ipigwe. Ukibahatika, unatakiwa uinue vyumba vya kwanza kwa muda uliowekwa, na kila mwezi ulipie baraza.

Mradi ulidhani watu wangejenga kwa mikono yao, jioni wakitoka kazini, na wikendi. Wapi! Mtu anayepata shilingi 400 kwa mwezi ameshachoka. Wengi waliajiri mafundi, kwa hivyo kabla Dandora haijawa mahali pa kulala ilikuwa mjengo mkubwa, imelisha vibarua wengi wa Mathare na Kariobangi. Wengine walijiunga vikundi, wakachanga pesa kila mwezi, wakajengea mmoja baada ya mwingine. Wanawake waliokuwa wakilea watoto peke yao walikuwa wengi kwenye hivyo vikundi. Fikiria mama asiye na bwana wala payslip ya maana, katika nchi ambayo shamba lilikuwa linaandikwa kwa jina la mwanaume, anapata ploti ya jiji kwa jina lake. Mambo mengi ya mradi huo naweza kuyakosoa, hilo hapana.

Halafu wenye ploti wakafanya hesabu ambayo hata mradi wenyewe ulikuwa umeitegemea. Chumba cha kwanza unalala. Cha pili unapangisha, kodi yake inalipa mkopo. Cha tatu kinalipa karo. Ukifika cha sita, ploti inakulipa kuliko mwajiri, na tofauti na mwajiri, haikufuti. Wengine waliona haina haja hata ya kuhamia, wakapangisha vyumba vyote na wao wakabaki walikokuwa wakiishi, kwa sababu nyumba ya mabati ilikuwa rahisi na kodi ya Dandora ilikuwa tamu. Wengine walishindwa na malipo wakauza kimyakimya kwa mtu ambaye fomu ingemkataa kwa kuzidi 650. Wakubwa walilalamika kwamba maskini wanadanganya mradi. Mimi nasema maskini walisoma mradi vizuri kuliko waliouandika. Mshahara wa Nairobi haukuwahi kutosha familia, Carpenter alishasema, ILO ikarudia. Wao wakapewa kitu kinachoweza kujaza lile pengo na wakakitumia hivyo.

Ila pengo la mwenye ploti lilijazwa na mpangaji, na hapa ndipo mtoto wa mpangaji anainua mkono. Kizazi cha kwanza kilipigiwa kura mara moja. Ploti 6,000, basi. Waliokuja baada ya hapo hawakukuta fomu, walikuta mwenye nyumba. Chumba kile kile cha futi kumi kwa kumi alichopimiwa kapera wa mkoloni, sasa ndani yake kuna watu watano na pazia. Nyumba za chini zikavunjwa zikapandishwa ghorofa tatu, nne, tano, ngazi za giza, bomba moja chini, choo cha floo nzima. Mashimo ya choo na mabomba yalichimbwa kwa hesabu ya familia chache kwa kila ploti, na kila mtu anayeishi hapa anajua mvua ikinyesha nini hutokea.

Na wakati wapangaji wanaongezeka, kazi zenye payslip zilikuwa zinapungua. Mwaka 1983 Baraza la Jiji likavunjwa na kuwekwa tume iliyokaa hadi 1992, miaka ambayo taka zilianza kubaki mitaani. Kisha ikaja ile dawa chungu ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa: kuanzia 1993 serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi wake, milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikafurika, viwanda vya nguo vikaanza kufunga. Benki ile ile, tafadhali. Katikati ya miaka ya 1970 ilikuja kutafuta mtu wa mshahara mdogo ili impe ploti, na ndani ya miaka 20 imekuja na ushauri uliomwondolea huo mshahara. Sijui kama kuna mtu Washington aliyewahi kuweka hayo mafaili mawili kwa meza moja.

Kilichobaki kinatoa kazi kila siku bila interview ni jaa. Lilianza miaka ile ile ya mtaa, kwenye timbo la zamani la mawe, na tangu hapo taka za Nairobi nzima huishia pale. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakusoma tangazo. Ukienda asubuhi utakuta sekta nzima, rasmi kabisa kwa taratibu zake: kuna wa chuma, wa plastiki, wa mifupa, wa karatasi, kuna anayenunua kwa kilo na kuna anayemuuzia yule wa kiwanda, na bei inashuka kila hatua ukielekea kwa yule aliyeinama. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilitoa utafiti wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango kilichokubalika. Mpango wa kulihamishia Ruai ulipingwa na mamlaka ya viwanja vya ndege, kwamba ndege wa taka watagongana na ndege za abiria. Ni hoja ya kweli. Lakini watoto wa Dandora hawana mamlaka ya kuwaandikia barua. Mwaka 2021 mahakama iliagiza jaa liondolewe kwa miezi sita. Nikiandika haya, bado malori yanapanda.

Mwaka 2020 korona ilipofunga jiji, serikali ilileta Kazi Mtaani, vijana wa miaka 18 hadi 35 wafagie na wazibue mitaro mitaani kwao. Awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, tena kwa zamu, siku kadhaa ndani siku kadhaa nje. Masharti yalikuwa na namba zake, kama fomu ya 1975, lakini hakukuwa na ploti mwishoni. Programu iliisha na mitaro ikaziba.

Kabla ya hapo, miaka ya 2010, vijana wa korti kadhaa za Dandora walikuwa wameanza yao bila kuitwa. Nyumba zetu zimejengwa kuzunguka uwanja mdogo wa pamoja, ndio tunaita korti, na hizo korti zilikuwa zimegeuka mahali pa kutupa taka na kunyang'anyana simu. Wakaweka geti, wakazoa, wakapanda nyasi, wakapaka rangi. Kila nyumba ikawa inatoa pesa kidogo kwa mwezi, wenye magari wanalipa kuegesha usiku, gari likioshwa hiyo nayo ni pesa. Mama aliyekuwa anakataa kutoa sasa ndiye anayekuuliza mbona leo hamjafagia. Hesabu inaandikwa kwa daftari la shule, jina la nyumba upande mmoja, kiasi upande wa pili, na mbele ya wachache wanaodaiwa miezi mitatu mtu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: hana kazi, tumwache kwanza.