Karanga za Kongwa

Kila mwaka nisomeshapo habari za Mpango wa Karanga wa Tanganyika, wanafunzi hucheka wasikiapo kwamba vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Nami hucheka nao. Lakini kisa chenyewe kilikuwa udongoni.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizuru nchi zetu kwa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka ndani ya ndege. Ukashauri zilimwe ekari 3,210,000, na katika hizo 300,000 ziwe hapa Kenya. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi kame ya Wagogo.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika, jua huukausha ukawa mgumu kama sakafu. Kwa karanga huo ni msiba mkubwa, kwani mmea huu, msomaji, huchanua juu na kuzaa chini. Ua likiisha kutungwa, kikonyo chake huinama na kupenya ardhini, na ganda hukua humo gizani. Tena ganda hilo halingojei kila chakula kutoka mizizini. Kalsiamu, yaani madini yaliyomo katika chokaa, hulifyonza lenyewe katika udongo unaolizunguka. Udongo wa juu ukikauka, madini hayo hayalifikii, hata yakiwamo tele, na ganda huwa tupu. Ndiyo sababu wakulima wa nchi kame wamwagiliao karanga maji hunyunyiza jasi wakati wa maua, kisha huulinda unyevu wa inchi chache za juu hadi maganda yajae.

Kongwa walitegemea mvua tu. Msimu wa kwanza zilipandwa karibu ekari 7,500. Ukame ukaja, na wakati wa mavuno ardhi ilikuwa imezikamata karanga hata mashine zikashindwa kuzing'oa. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi.

Wagogo walizijua mvua za kwao, na kwa sababu hiyo walipanda mtama na uwele. Kwa maoni yangu hawakuulizwa vya kutosha. Baadaye sehemu ya mashamba yale ikafanywa malisho ya ng'ombe.