Wa Juu na Wa Chini

Pale Maji ya Chai wakata miti wanapakia pikapu huku wakitaniana. Kabla ya chenso, mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni akila vumbi. "Umeshiba, shemeji?" aliulizwa wa chini.

Wameru nao walibanwa hivyo hivyo. Enzi ya Mjerumani msitu wa juu ulifanywa hifadhi, chini wakakaa walowezi. Mwaka 1951 Mwingereza akawafukuza Engare Nanyuki. 1952 Kirilo Japhet akafikisha kilio Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule.

Basi kijana, ukiangusha mgrivilea wa babu shambani, panda mwingine. Mlimani kulishafungwa kitambo.