Maulidi ya Bagamoyo na Kadi za TANU

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyefikishwa Bagamoyo hali ya utumwa kutoka Manyema alitokea kuwa mwalimu mkuu wa tarika ya Kadiria mjini humo. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Wengi waliomfuata walikuwa watu ambao daraja za mji ziliwaweka nyuma. Maulidi yake ya kila mwaka yaliwakutanisha wageni wa pwani na wa bara. Waliporudi makwao walikuwa wamekwisha juana, na kila mmoja ana mwenyeji mahali asipokuwa na ndugu. Alipofariki mwaka 1931, mwanawe, Sheikh Muhammad, alishika nafasi yake.

TANU ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, haikuwa na redio wala fedha nyingi. Sheikh Muhammad alipokiunga mkono chama hicho, neno lake lilikuta njia imekwisha fyekwa na maulidi. Mjini Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alifanya vivyo hivyo kwa kuviendea vyama vya ngoma vya wanawake. Serikali ya kikoloni iliweza kupiga marufuku mkutano wa hadhara. Kumkataza mtu asimsadiki mwenyeji wake haikuweza.

Siku hizi mitandao ya kijamii hukusanya maelfu ya wafuasi kwa usiku mmoja. Bagamoyo yafundisha kwamba kuhesabu wafuasi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuwajuanisha kabla ya siku ya kuhitajiana.