Hisabu ya Hazina katika Nchi ya Iramba

Alhamisi ya tarehe 10 Juni 2021, siku ambayo Kenya na Uganda nazo, kwa desturi ya majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilikuwa zikisoma bajeti zao, alisimama Bungeni Dodoma Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi na Waziri wa Fedha na Mipango, akaisoma kwa mara yake ya kwanza bajeti ya Taifa, shilingi trilioni 36.3. Kwa watu wa Kiomboi, ambao mji wao ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, jambo hilo halikuwa dogo, kwani aliyeshika ufunguo wa hazina ya nchi nzima ndiye huyo huyo waliyempa kura tangu mwaka 2010, na ambaye kwa desturi ya wabunge hurudi jimboni baada ya vikao kuwaeleza raia fedha zilizotengwa, msaada utakaofika, na hatua za kulinda watoto na wake zao. Desturi hiyo ya kurudi na kueleza leo twaiona ya kawaida kabisa, hata tukadhani imekuwapo daima. Lakini mwenye kuipitia tarehe ya nchi ile ataona kwamba kwa zama nyingi hisabu ya mali ya umma ilikuwa ikipanda tu, kutoka kwa mlipaji kwenda kwa mkubwa, na kwamba kushuka kwake kwa aliyelipa ni haki iliyopatikana polepole na kwa taabu.

Kabla ya dola za kigeni, watemi wa nyanda hizi za kati walikuwa na ghala, na raia walilima shamba la mtemi kwa zamu na kumpelekea sehemu ya mavuno. Na ulipofika mwaka wa njaa, ambao katika nchi yenye mvua haba kama ile haukukawia kufika, ghala lilipaswa kufunguliwa. Sitaki kuzipamba zama hizo, maana palikuwa na watemi wema na watemi wachoyo, na mnyonge hakuwa na mahali pa kushitaki ila kuhama. Walakini hisabu yenyewe ilikuwa ya macho. Mtu alijua alichopeleka, na katika njaa alijua kama kimerudi.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia waliibadili hali hiyo kwa waraka mmoja. Sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897 ilitaka rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya bara, na serikali ikajenga boma lake Mkalama, upande wa mashariki wa Iramba, ili kodi ipate pa kwenda. Mtu asiyekuwa na rupia alizitafuta kwa kuuza ng'ombe, au kwa kwenda kufanya kazi ya ujira mbali na mkewe na watoto wake. Na hapa liko jambo ambalo kila nikilifikiri hunitia huzuni. Dhahabu iliyovumbuliwa Sekenke, chini ya mteremko wa Iramba unapoelekea nyika ya Wembere, ndiyo iliyotumika mwaka 1916, katikati ya vita, kufua Tabora sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei kubwa. Ardhi ya Iramba ilitoa hazina kwa maana halisi ya neno. Na wenye ardhi, waliokuwa wakidaiwa rupia kila mwaka, hawakuletewa neno wala hisabu.

Waingereza waliendeleza kodi kwa sheria yao ya mwaka 1922, kisha Gavana Donald Cameron akaleta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyowapa watemi vyeo vya serikali na kuunda hazina za wenyeji. Sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina hizo, ikalipa mishahara ya watemi wenyewe, makarani na mahakama za baraza, na kilichosalia kikaenda kwa shule na zahanati. Insafu yanitaka niseme kwamba hapo ndipo kwa mara ya kwanza fedha ya kodi ya Iramba ilianza kuandikwa kwenye daftari la Iramba. Lakini daftari hilo lilikuwa likikaguliwa na Bwana Diisii, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wala bajeti yake haikuwa halali mpaka serikali imeitia idhini. Raia aliyetaka habari za serikali aliweza, akiwa anajua kusoma, kuzipata katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, gazeti zuri kwa Kiswahili chake, ila lilikuwa sauti ya mwenye kutawala akisema na mtawaliwa.

Msaada nao ulikuja kwa njia nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walirithi kazi ya Wajerumani wa Leipzig, na hospitali ya Kiomboi ilianzia mikononi mwao. Vizazi vya Wanyiramba vimezaliwa pale. Fedha yake ilichangwa na waumini wa makanisa ya mbali, na wamisionari wakapeleka taarifa kwa waliochanga, kama ilivyokuwa wajibu wao. Hivyo hata katika wema huo hisabu ilivuka bahari kwenda kwa mtoaji, na mgonjwa alishukuru.

Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 7 Desemba 1926, Gavana akiwa ndiye mwenyekiti, na majadiliano yakiendeshwa kwa Kiingereza. Ilipita miaka kumi na tisa bila Mwafrika hata mmoja kukaa humo, mpaka mwaka 1945 walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Uchaguzi ulipokuja mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kura yenyewe ilikuwa ya wenye elimu au kipato au cheo. Mkulima wa mtama wa Iramba hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mambo yalikwenda kwa haraka. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yalifutwa kwa sheria, na Mkoa wa Singida ukazaliwa kutoka katika lile lililokuwa Jimbo la Kati. Lakini mwaka ninaoutukuza mimi ni 1965. Chama kilikuwa kimoja, na wengi walitaraji kwamba uchaguzi ungekuwa tamasha tu. Kumbe chama hicho, TANU, kiliweka wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuamua. Mwezi wa Septemba raia wakaamua, wakawaangusha wabunge wengi waliokuwa madarakani, na miongoni mwa walioanguka alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Usukuma na ambaye hakuna aliyemtilia shaka uzalendo wake. Bomani alirudi baadaye katika serikali kwa kuteuliwa, akaitumikia nchi miaka mingi. Lakini funzo lilikuwa limekwisha toka kwa wapiga kura: mwenye kuisoma bajeti ya Taifa naye ana jimbo, na jimbo lina haki ya kumwuliza alipokuwa.

Miaka saba baadaye mlango ukaanza kufungwa tena, na kwa nia njema, jambo ambalo hulifanya liwe gumu zaidi kulihukumu. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulivunja halmashauri za wilaya, na kazi zake zikawekwa chini ya maofisa wa mkoa na wilaya waliopelekwa na serikali, ili maendeleo yaende upesi. Maofisa wale walitoa hisabu kwa waliowapeleka. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo iliyozirudisha halmashauri, na ndiyo pia iliyoupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake, kwamba kila mtu mzima mkazi wa kijiji ni mjumbe wa mkutano huo, awe tajiri au fukara, mume au mke. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa ile kodi ya rupia 3, ilifutwa mwaka 2003, na wanaume waliokuwa wakijificha porini wakiwakimbia mgambo wakalala majumbani mwao.

Tangu hapo msaada wa serikali umekuja kwa majina ambayo kila mtu vijijini anayajua. Kuna TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanza mwaka 2000, na ambao tangu mwaka 2012 huzifikia kaya maskini kwa mpango wa kuzinusuru. Na kuna Mfuko wa Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009, miaka sita baada ya Kenya kuanzisha wa kwao, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Wapo wanaoona vibaya kwamba mtunga sheria awe pia mgawaji wa mabati na saruji, na hoja yao ina uzito, kwani kazi ya Bunge ni kuihoji serikali juu ya matumizi, na mwenye kutumia hawezi kujihoji. Rai yangu ni kwamba mfuko huo umeleta faida moja: mabati huhesabika. Mwananchi wa kijijini, ambaye trilioni kwake ni neno tu, anaweza kusimama mbele ya darasa na kuhesabu mabati aliyoahidiwa.

Lililochelewa kuliko yote kuingia katika hisabu ya umma ni amani ya ndani ya nyumba. Hazina ya wenyeji ililipa baraza la kuamua kesi ya mahari, lakini mke aliyepigwa alirudishwa kwa wazee wa ukoo, na aghalabu akaambiwa avumilie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, maneno ya ujasiri kwa zama zile. Ilhali sheria hiyo hiyo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Ilikuwa mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga ruhusa hiyo Mahakama Kuu akashinda, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Kuhusu ukeketaji, sheria ya mwaka 1998 iliuharimisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na hapa Singida haiwezi kukwepa kutajwa: uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 31 katika kila 100 wa mkoa huo wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10; na uchunguzi wa mwaka 2022 ukawakuta 20 katika mkoa huo. Kushuka huko ni habari njema. Lakini katika watu 100, 20 ni wengi, na kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Ndipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, vikalifanya jambo lililokuwa likisemwa kwa kunong'ona jikoni kuwa na ofisa wake, daftari lake na fungu lake la fedha.

Bajeti tano alizisoma mbunge wa Iramba Magharibi, ya mwisho tarehe 12 Juni 2025 ikiwa ya shilingi trilioni 56.49, na Novemba ya mwaka huo akawa Waziri Mkuu. Katika miaka hiyo raia hawakukaa kimya: tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 malalamiko yalitoka kila upande wa nchi, na haikupita miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kodi ya rupia haikupata kupunguzwa kwa sababu Wanyiramba walilalamika.

Na huko vijijini, kutoka Misigiri hadi ukingo wa Wembere, sheria yataka mtendaji asome mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu, kisha ayabandike kwenye ubao wa matangazo. Anayejua kusoma humsomea asiyejua. Akinamama, ambao zamani baraza la mtemi halikuwaitia rai, huketi mbele, na mmoja wao akisimama kuuliza fedha za zahanati zimefika wapi, mtendaji hulazimika kufungua daftari. Mkutano mwingine ni baada ya miezi mitatu.