Mzee, Mwanao Atasoma

Mzazi wa Tabora mwenye kijana anayejua mpira hukutana na mgeni mmoja mgumu kumjibu: kocha aliyetoka mbali. Amemwona kijana kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, au kwenye mechi ya mchangani, ameulizia nyumbani kwao, amekaribishwa kiti, na sasa anamwaga sifa. Mguu wa kushoto, kasi, nidhamu. Baba anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza: na shule? Hapo ndipo kocha anapotoa ahadi yake: mzee, usiwe na wasiwasi, mwanao atasoma.

Ahadi hiyo ina historia ndefu kuliko mpira wenyewe. Tabora ni mji ambao vijana wake wametakwa na watu wa mbali tangu enzi za misafara, na kila mtakaji alikuja na maneno yake. Wazee nao walikuwa na namna yao ya kuyapima: waliangalia waliotangulia wamerudi na nini.

Katika karne ya 19, kabla ya shule na kabla ya reli, kilichotakwa kilikuwa bega. Msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita hapa, Unyanyembe, mahali ambapo Richard Burton na John Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kuondoka Zanzibar mwezi Juni, na wakapaandika kwa jina la Kazeh. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda bara, na mzigo wa kilo 30 au zaidi ulikaa begani mwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi. Aliyewakusanya wapagazi hakuhitaji kusema mengi. Kwa Wanyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kipimo cha utu uzima, na kijana asiyewahi kuiona bahari alichelewa kuhesabiwa miongoni mwa wanaume. Baba aliona kwa macho: mtoto wa jirani alitoka mikono mitupu, akarudi na nguo na bunduki. Aliona pia waliotoka wasirudi, kwa ndui, kwa njaa, kwa vita vya njiani kama vile vya mtemi Mirambo na Waarabu vilivyoanza mwaka 1871 na kuifunga barabara ya Ujiji. Faida na hasara zote zilikuwa hadharani kijijini.

Shule ilipokuja, mambo yakawa magumu zaidi kwa mtakaji, kwa sababu faida yake haikuonekana. Wajerumani walihitaji makarani, wakalimani na maakida, wakafungua shule za serikali kuanzia Tanga katika miaka ya 1890, kisha wakawashurutisha watawala wa jadi kutoa watoto. Wengi wa watawala hao walifanya jambo la busara kwa wakati ule: waliwaficha watoto wao wa kuwazaa wakawapeleka watoto wa watumwa au wa watu wa chini. Sioni kosa kwao. Nani angemkabidhi mrithi wake kwa mgeni ambaye bado hajarudisha hata kijana mmoja kwa faida?

Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, Wajerumani wakaondoka, na baadaye nchi ikawekwa chini ya Waingereza. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alijenga utawala wake juu ya machifu, na machifu walipaswa kusoma barua, kutunza hesabu za kodi na kuandika hukumu. Kwa hiyo Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka hiyo ya 1920, ilielekezwa kwanza kwa wana wa machifu. Waingereza walipenda kuiita Eton ya Tanganyika. Ilikuwa na mabweni, viranja, gwaride, mpira na nidhamu ya kengele, kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza.

Maneno ya kuwavuta wazazi sasa yalibadilika. Chifu hakuambiwa tena kwamba mwanao atamtumikia Mzungu. Aliambiwa kwamba mwanao atarudi kukalia kiti chako akiwa na nguvu zaidi yako. Na safari hii ushahidi ulikuja. Kidaha Makwaia wa Usukuma alipita Tabora na Makerere, akatawala, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe alipita njia hiyo hiyo, akaja kuwa Spika wa Bunge. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, mtoto wa hapa hapa, alikuwa katika baraza la mawaziri la kwanza la nchi huru. Baada ya vijana wa namna hiyo, hakuna chifu aliyehitaji kushurutishwa. Nafasi zenyewe ndizo zilikuwa haba.

Aliyesoma Tabora na kujulikana kuliko wote ananisaidia kueleza mahali pa michezo katika mpango ule. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937. Uwanjani hakuonekana sana. Alipenda maktaba na mdahalo, alisaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni, na alishindana vikali na wenzake kwenye mitihani. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba ni mpole mno. Baba yake alipofariki mwaka 1942, shule haikumruhusu kwenda mazishini. Miaka michache baadaye, akitoka Makerere, alirudi Tabora kufundisha Shule ya St. Mary's.

Mvulana asiyependa mpira alimaliza shule ile bila kudaiwa chochote na uwanja. Mpira ulikuwepo, ulichezwa kwa bidii, lakini hakuna aliyeletwa Tabora kwa ajili yake. Mvulana alikuja kwa nasaba, na baadaye kwa alama za mtihani, kisha akapewa mpira kama sehemu ya malezi. Kama angevunjika mguu siku ya pili, kitanda chake bwenini kisingetolewa kwa mwingine. Kwa msomaji wa leo hiyo ndiyo tofauti kubwa, maana kijana anayechukuliwa sasa na kocha anakwenda shule kwa sababu anacheza, na goti lake ndilo linalobeba ada.

Mtihani umebaki kuwa mlango wa shule ile, Tabora Boys ya leo, hadi sasa. Shule hiyo, pamoja na Tabora Girls, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, ni ya vipaji maalumu, na vipaji vinavyotafutwa ni vya darasani. Mwenye kipaji cha miguu alilazimika kutafuta mlango mwingine, na kwa miaka mingi baada ya uhuru mlango huo haukuwa shule hata kidogo. Ulikuwa ajira.

Zama za mashirika ya umma zinakumbukwa vizuri na mashabiki wa kanda hii. Mwisho wa njia ya msafara kulikuwa na RTC Kigoma, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Mwanza kulikuwa na Pamba, Dodoma CDA, Morogoro Reli. Tabora ilikuwa na Milambo yake. Msaka vijana wa enzi hizo hakuzungumzia vidato. Alimwambia mzazi: atapata kazi. Na mzazi alielewa, kwa sababu mshahara wa mwisho wa mwezi ulionekana kama ile nguo ya mpagazi. Kijana aliacha shule kidato cha pili akawa mlinzi wa ghala au karani wa stoo, akacheza Jumamosi. Mpango huo ulikuwa na heshima yake. Lakini mashirika yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, timu nyingi zikafa nayo, na mchezaji wa miaka 30 akajikuta hana kazi wala cheti.

Mashirika hayo yakiwa bado hai, wengine waliitwa mbali zaidi. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vimegundua wakimbiaji wa Afrika Mashariki, na huko mchezo na masomo vimefungwa pamoja na kanuni: asiyesajiliwa darasani haruhusiwi kuchezea chuo. Suleiman Nyambui wa Musoma, ambaye kwao alikuwa mwalimu, alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Alishinda mita 10,000 za vyuo vyote vya Marekani miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya masomo, mwaka 1980, akaenda Moscow na kurudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Baadaye akawa kiongozi wa chama cha riadha nchini.

Kwa Wakenya mifano ni mingi, na inatofautiana vibaya. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu na akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Miaka iliyofuata ilikuwa ya ulevi na kukosa makazi, kama alivyosimulia mwenyewe. Wote wawili walitokea Bonde la Ufa na wote walipewa ufadhili kwa sababu ya miguu. Sidai kwamba makocha wao ndio waliowatofautisha. Ninachosema ni kwamba neno “atasoma” lilifaa kwa wote wawili siku walipoondoka nyumbani.

Wamarekani wenyewe walichelewa kukiri udhaifu wa neno hilo. Tangu mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu, ambao chuo kingeweza kuukataa mwaka unaofuata. Kocha aliketi sebuleni kwa mzazi akazungumzia shahada ya miaka 4, na karatasi mkononi ilizungumzia miezi 12. Ufadhili wa miaka mingi uliruhusiwa tena mwaka 2012. Mwaka 1983 walipitisha kanuni ya kiwango cha chini cha alama za sekondari, iliyoanza kutumika 1986, baada ya aibu ya wachezaji kupitishwa chuoni bila kusoma. Kisha mwaka 1990 likaja jambo ninalolithamini kuliko hayo yote. Seneta Bill Bradley, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, alisimamia sheria inayovitaka vyuo vinavyotoa ufadhili wa michezo kumpa kijana, mzazi wake na kocha wake wa sekondari takwimu: kati ya wachezaji mliowachukua, wangapi walihitimu. Kocha alibaki na uhuru wa kusifu, lakini mbele ya mzazi kulikuwa na namba.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Mwaka 2004 mwandishi John Manners, aliyewahi kuwa mwalimu wa kujitolea Kenya, alishirikiana na Boit kuanzisha mpango wa KenSAP wa kuwapeleka wanafunzi wa Bonde la Ufa katika vyuo vikubwa vya Marekani. Waombaji walipimwa mbio za mita 1,500 pale Iten, lakini kigezo cha kwanza kilikuwa matokeo ya mtihani wa taifa, na baada ya muda ilidhihirika kwamba vyuo viliwapokea kwa akili zao, wakiwa wakimbiaji au la. Huo ni mpangilio wa Tabora ya zamani: darasa mbele, uwanja nyuma.

Hapa kwetu jaribio kubwa la kuunganisha mguu na daftari lilikuwa Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, shule ya jeshi iliyoongozwa na Kanali Idd Kipingu. Vijana wenye vipaji walipewa nafasi ya kusoma na kucheza mahali pamoja, na baba wa mkoani aliweza kutaja jina la shule badala ya jina la klabu. Jaribio hilo lilipita wakati mgumu, kwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya michezo shuleni, kwa fikra kwamba yanaiba muda wa masomo, kisha yakarudishwa. Uamuzi ule uliwaumiza watoto wa mikoani kuliko wa Dar es Salaam, kwa sababu kwa kijana wa Urambo au Sikonge, UMISSETA ndilo jukwaa pekee ambalo mtu wa mbali angemwona. Mchezaji wa mpira wa kikapu Hasheem Thabeet alipita Makongo, akavukia sekondari ya Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, baada ya miaka 3 chuoni. Aliondoka kabla ya shahada kwa fedha ambazo mzazi yeyote angezielewa. Lakini kwa kila Hasheem, wapo mamia ambao hakuna aliyewaita.

Soka la Tabora limechangamka tena. Mwaka 2023 timu ya mji ilipanda Ligi Kuu, na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukapokea Simba na Yanga. Wasaka vipaji watakuja zaidi, na akademi za mijini zinazotangaza shule na mpira kwa pamoja zinaongezeka. Hatuna sheria ya Bradley, na mzazi anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kuipata. Hata hivyo anacho kitu ambacho chifu wa mwaka 1925 hakuwa nacho. Baraza la Mitihani hutangaza kila mwaka matokeo ya kidato cha nne ya kila shule, daraja la kwanza mpaka sifuri, na kijana mwenye simu anaweza kumsomea baba yake kabla mgeni hajamaliza chai. Matokeo hayo hayamtengi mchezaji na asiyecheza. Kwa hiyo swali la pili lazima liulizwe kwa mdomo, na kocha mkweli atakuwa na jibu lake tayari: mwalimu, wale vijana uliowachukua miaka 4 iliyopita, walipata daraja gani, na yule aliyeumia goti yuko wapi?