Kisu cha kukunja chenye mwezi na nyota: cha Sultani au cha Mjerumani?

Leo naweka programu kando kidogo. Ndugu msomaji, kama umezoea kusoma hapa habari za hifadhidata na seva, vumilia. Njia nitakayotumia ni ile ile ya kutafuta hitilafu kwenye programu: usiamini maelezo ya aliyeiandika, soma chombo chenyewe kinafanya nini.

Jambo lenyewe ni hili. Ami yangu anayeishi Maskati hukusanya visu na majambia. Ana kabati la vioo sebuleni, na kila kipande kina kijikaratasi cha maelezo. Alipokuja Mombasa likizoni alionyeshwa kisu cha kukunja kwenye duka moja la vitu vya kale hapa Mji wa Kale. Akaambiwa kilikuwa cha askari wa Sultani wa Unguja na kina zaidi ya miaka 130. Ushahidi? Mpini wa mbao una mwezi mwandamo na nyota za madini zilizopachikwa. Bei shilingi 18,000. Ami akaacha arubuni, akaniletea kisu. "Mwanangu, wewe una macho ya kompyuta. Hebu niangalizie."

Haya, tuangalie.

UMBO

Kisu ni kirefu na chembamba, mpini umepinda kidogo, na nyuma yake pana pete ndogo ya chuma. Ukikifungua kinalia ta-ta-ta. Sauti hiyo hutoka kwenye meno yaliyokatwa kwenye kitako cha ubapa: kila jino likipita, springi ya mgongoni hulinasa. Kikishafunguka chote, springi hukifunga kisirudi kukukata vidole. Ukitaka kukikunja, unavuta pete, springi inainuka, ubapa unaachiliwa. Ufundi rahisi, hauna cha kuharibika.

Mfumo huu wa pete na meno una jamaa zake wa zamani: visu vya Hispania viitwavyo navaja, vilivyovuma sana karne ya 19. Najua mtu atasema, "Basi ni cha Mreno wa Fort Jesus!" Hapana. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani 1698, wakarudi kwa muda mfupi tu 1728 hadi 1729. Kati yao na enzi ya navaja za pete na meno pana karne nzima. Umbo linatuambia ukoo wa kisu, halituambii mwenyewe.

MWEZI NA NYOTA

Hapa ndipo hoja nzima ya muuza duka ilipoegemea. Mwezi na nyota, kwa hiyo Uislamu, kwa hiyo Sultani. Lakini bendera ya Sultani wa Unguja haikuwa na mwezi wala nyota. Ilikuwa nyekundu tupu, na wazee wa Mombasa waliiona kwa macho yao, kwa sababu ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka mwaka 1963, ukanda wa pwani ulipokuwa bado kisheria ni wa Sultani. Mwezi na nyota ilikuwa alama ya Waturuki wa Dola ya Osmania. Na pambo lolote kiwanda chochote kinaweza kulipachika, kikiona kuna wateja watakaolipenda.

KUSOMA CHAPA

Visu vingi vya kiwandani hupigwa chapa kwenye ubapa, karibu na mpini. Hiki kilikuwa na kutu mahali hapo hapo. Tafadhali usisugue kwa msasa! Ukisugua unafuta data, na hakuna nakala nyingine. Nilifanya hivi:

1. Nilipaka tone la mafuta ya cherehani, nikaacha usiku kucha, nikapangusa kwa pamba.
2. Nilizima taa za chumba, nikaweka kamera juu ya rundo la vitabu isitikisike.
3. Nilimulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukilala karibu sawa na ubapa, ili kila shimo dogo lipate kivuli. Nikapiga picha kumi na mbili, tochi ikizunguka pande zote.
4. Nilifungua picha kwenye GIMP (programu huru, haina malipo), nikaondoa rangi, nikakaza tofauti ya weusi na weupe, kisha nikageuza picha iwe kinyume: nyeusi iwe nyeupe.

Picha ya saba ilitoa jibu. Umbo la mnyama mwenye shingo ndefu kiasi, chini yake OKA, nafasi iliyoliwa na kutu, kisha I. Mstari wa pili: W. GE, nafasi, MANY.

JINA NI TAREHE

OKAPI. Mnyama huyu ni jamaa wa twiga na anaishi kwenye misitu ya Kongo, hasa Ituri. Wambuti walimjua tangu zamani, lakini sayansi ya Ulaya ilikuwa haimjui mpaka Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Uganda, alipopeleka London vipande vya ngozi yake. Mwaka 1901 wataalamu walidhani ni aina ya punda milia, wakampa jina la ukoo wa farasi. Baada ya ngozi nzima na mafuvu kufika, mwaka huo huo akapewa jina la Okapia.

Mwaka uliofuata, 1902, visu vya chapa ya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani, katika mji wa visu wa Solingen, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika. Jina lilikuwa habari motomoto ya siku hizo. Makoloni yenyewe yakaponyoka mikononi mwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini kisu kikaendelea kuuzwa. Mwaka 1988 chapa ilichukuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na visu vikawa vinatoka Isithebe. Hata Jamaika kisu hiki ni maarufu, wanakiita kwa yale meno yake.

Sasa mstari wa pili. Ujerumani Magharibi ilizaliwa 1949. Kabla ya hapo hakuna aliyeweza kuipiga chapa. Kwa hiyo kisu cha ami ni cha kati ya 1949 na 1988. Askari wa Sultani wa karne ya 19 angekipata kwa kurudisha saa ya dunia nyuma.

Cha kuchekesha, Wajerumani kuandika jina la nchi yao kwenye bidhaa kulianzia kwenye ugomvi wa visu. Waingereza walilalamika kwamba visu vya Solingen vinauzwa kama vya Sheffield, wakatunga sheria mwaka 1887 ya kulazimisha asili ya bidhaa za kigeni ionyeshwe. Sheria ya kumzuia Mjerumani asimdanganye Mwingereza imetusaidia sisi huku Mombasa.

KWA NINI NI MUHIMU

Kwanza, sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Muuzaji alijua ami anarudi Maskati, lakini hakutaja kibali hata kidogo. Maneno yake yangekuwa kweli, angekuwa anamtia mgeni matatani uwanja wa ndege. Kwa kuwa si kweli, alikuwa anamtoza bei ya hadithi.

Pili, na hili ndilo lililomgusa ami zaidi, ndani ya kabati lake kuna jambia la babu yake, la kweli, lenye historia inayojulikana baba kwa mwana. Kijikaratasi kimoja cha uongo kikikaa pembeni yake, wajukuu wakigundua kesho hawataamini hata cha babu. Programu nazo ni hivyo: rekodi moja mbovu huchafua jedwali zima.

Ami alirudi dukani na picha ya saba. Bei ikashuka hadi shilingi 2,500, akakichukua, na kikasafiri kwenye begi la mzigo. Kijikaratasi kinasema: "Okapi, Ujerumani Magharibi, 1949–1988. Kimenunuliwa Mombasa."

Nawe ukionyeshwa kitu cha kale, tafuta maandishi kwanza, pambo baadaye. Majina ya nchi ni saa nzuri: Ujerumani Magharibi ni 1949 hadi 1990, Tanganyika haivuki 1964. Neno "stainless" kwenye kisu ni baada ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza chuma chake kisichopata kutu. Alama ya mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Na muuzaji akikwambia usisafishe chapa kwa sababu "utaharibu uzee wake", mkubalie usisugue, lakini muombe umulike tochi.